Usisimame, Mama Mkubwa

Anayepiga picha kwetu Mkuu hujifunza mapema kwamba jua la Rombo ni la asubuhi. Linachomoza upande wa Kenya, linavuka nyika ya Tsavo, kisha linaipiga Mawenzi usoni mpaka kila ufa wa yale majabali unahesabika. Jioni hatuna letu. Mlima Kilimanjaro uko magharibi, jua hujificha nyuma yake mapema, na saa ambayo wenzetu wa Dar es Salaam bado wanapigana picha za machweo ufukweni, vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba ya kuzunguka nyumba, vimeshaingia kivulini na kuku wanatafuta pa kulala. Watu wa Moshi mjini wana Kibo, mita 5,895, ile ya kwenye kalenda. Kwetu iliyo mlangoni ni Mawenzi, mita 5,149, yenye meno, ambayo wazee husimulia kwamba ilipigwa mchi na Kibo kwa kuzidi kwenda kuomba moto.

Kwa miaka mingi nimekuwa mpiga picha wa asubuhi hiyo. Si kazi inayonilisha. Ninaishi Moshi kwa kazi ya mahesabu, na kamera ni ya siku ambazo ofisi imefungwa. Mtu wa namna hii ana raha moja, kwamba hakuna mteja wa kumfokea, lakini ana kalenda isiyo yake: anapiga picha wakati wa mapumziko tu. Na mapumziko ya Mchagga yanajulikana nchi nzima. Desemba ikifika mabasi yanajaa, magari madogo yanapanda kutoka Himo kupita Marangu na Mwika hadi kwetu, mbuzi wanapungua, na kila kihamba kinakuwa na watu waliovaa viatu visivyojua matope. Hapo ndipo kamera yangu ilikuwa inafanya kazi. Ukifungua albamu zangu utadhani Rombo ni nchi ya nguo mpya na nyama. Bibi yuko katikati kwenye kiti, wajukuu wamepangwa kwa urefu, nyuma migomba, na wote wamekaza nyuso.

Wanakaza nyuso kwa sababu mimi nimewaambia wasimame. Picha mnato huanza na amri hiyo. Mtu ana kuni kichwani, unamwambia asimame. Anacheka, unamwambia atulie kidogo, na kicheko kinakauka. Wazee wetu wamelelewa na picha za studio, zile za kwenda mjini umevaa suti ya kuazima, kwa hiyo hata bila kuambiwa, wakiona lenzi wanaacha walichokuwa wanafanya na kuwa rasmi. Siwalaumu. Picha ilikuwa ghali, na kitu ghali hukitolei ulimi.

Nilipoamua kuingia kwenye video ya nyumbani, lakini nzuri, si ile ya simu inayotikisika, nilidhani nahama chumba ndani ya nyumba ileile. Kamera ni ileile, lenzi ni zilezile. Ukuta uliokuwa kati ya vyumba hivyo ulibomolewa mwaka 2008, pale Nikon ilipotoa D90 iliyoweza kurekodi video, na miezi michache baadaye Canon ikatoa 5D Mark II yenye video kamili ya HD. Tangu hapo kila mwenye kamera ya picha amekuwa na kamera ya video mfukoni mwake bila kuiomba. Yangu ilikuwa imetumwa na ndugu aliyeko Marekani, na kile kitufe chekundu nilikuwa nakiona kila siku.

Basi video ya kwanza niliyoipiga ndani ya nyumba, usiku, chini ya taa za umeme, ilijaa mistari myeusi iliyokuwa inapanda ukutani kama moshi. Sababu ni ya kimataifa kabisa. Umeme wa Tanzania unapigapiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na taa zetu za bei nafuu hupepesa kufuata umeme. Kamera iliyopangwa kwa mazoea ya Marekani hurekodi fremu 30 kwa sekunde na kufungua shata kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, hivyo inapishana na taa. Ukiihamisha iende fremu 25, na shata ikae kwenye sehemu moja ya 50, mistari inaondoka. Mpiga picha mnato hana haja ya kujua hayo. Yeye huiba sehemu ndogo ya sekunde na kuondoka nayo. Anayepiga video lazima akubaliane na mapigo ya mahali alipo.

Namba hiyo ya 50 ilininyang'anya na kitu kingine. Mpiga picha amezoea kupambana na jua kali kwa kufunga shata haraka zaidi. Kwenye video ukifanya hivyo mienendo inakuwa ya kukatikakatika, mtu anayetembea anaonekana anastukastuka. Kwa hiyo shata inakaa palepale, na jua unalipunguza kwa kioo cheusi unachofunga mbele ya lenzi. Ukiingia chini ya migomba ndiyo balaa. Juu jua linatoboa majani, chini giza, na ngozi ya mtu inageuka kijani kwa sababu mwanga wote umepita kwenye jani. Picha mnato ya kijani unaikalia kwenye kompyuta na kuirudisha rangi yake. Video ya namna hiyo ni fremu 25 za kijani kila sekunde, na kama kamera umeiacha ijiamulie yenyewe, rangi inabadilika kila mtu anapohama kivuli. Unatakiwa uamue kabla: mwanga ni huu, rangi ni hii, na nitakayoyapata nitayapokea.

Halafu kuna gharama. Kamera yangu ikirekodi kwa ubora wake wa juu inakula megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu, hiyo ndiyo kazi yangu: ni megabaiti 750 kwa dakika, gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 iliyokuwa inanitosha Krismasi nzima kwa picha inajaa kabla ibada ya Jumapili haijafika kwenye matangazo. Na baada ya yote hayo, video inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako inakamuliwa mpaka ile 4K yenye nukta mara nne ya HD inafika kwa binamu aliyeko Muscat ikiwa na nyuso za ukungu. Hapo ndipo nilipoacha kuhangaikia nukta. Niligundua jambo ambalo wapiga video wa harusi walikuwa wanalijua zamani: ndugu anavumilia picha yenye ukungu, hata ya giza. Sauti mbovu haivumilii. Anaizima.

Kwa hiyo fedha yangu ya kwanza ya maana haikwenda kwenye lenzi. Ilikwenda kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye khanga, na kinasa sauti cha kuweka kando. Nikaanza kusikia Mkuu. Nimeipiga picha sehemu ile tangu nikiwa kijana, na sikuwa najua kwamba hapo nyumbani kuna kelele kiasi hicho: redio ya jirani, bodaboda zinazokata kona kuelekea sokoni, kengele ya kanisa, ng'ombe anayedai majani, na mvua. Mvua ya masika juu ya bati hairuhusu mazungumzo yoyote ya kurekodiwa. Unakaa, unasubiri ipite, na wakati unasubiri ndipo watu wanaposema mambo ambayo ungetamani uyarekodi.

Tuna kanda moja ya VHS ya ukoo, ya harusi ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vijana wa leo hawaelewi nikiwaambia kwamba wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi. Huku Bara tulisubiri hadi 1994, ilipokuja ITV ya marehemu Reginald Mengi, mtoto wa Machame. Kabla ya hapo wenye runinga wengi walikuwa nayo kwa ajili ya deki, na kilichochezwa kwenye deki kilikuwa sinema za Kihindi, za ngumi, na harusi. Kanda yetu ilishika ukungu, kama kanda nyingi za huku kwenye unyevu wa mlimani, na deki zenyewe zimekwisha: Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki ikizitengeneza peke yake, iliacha Julai 2016. Tulipompata fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta tukaitazama familia nzima.

Bwana harusi na bibi harusi hatukuwatazama sana. Wamesimama, wamekaza nyuso, taa kubwa ya mpiga video inawachoma macho. Kilichofanya chumba kilipuke ni pale mpiga video alipoteremsha kamera bila kuizima. Picha ni ya majani na viatu. Sauti ni ya baba mkubwa, Mungu amrehemu, akibishana na mtu kuhusu mapaja ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma: nani ana haki nayo, nani alipewa mara iliyopita, na kwa nini wa upande ule wanajifanya wamesahau. Walioelewa Kirombo walikuwa wamelala chini kwa kucheka. Wajukuu wa Dar wakawa wanaomba tafsiri.

Kuna mtu ninayemkumbuka kila nikiona kamera mbili kwenye begi moja. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapohapo Dar, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akaanzisha Camerapix mwaka 1963. Alianza na picha mnato na hakuziacha, ila aliona mapema kwamba sinema inafika pale ambapo picha haifiki. Mwaka 1984 habari za ukame wa Ethiopia zilikuwa zimeandikwa kwa miezi. Dunia ilisoma ikapita. Oktoba mwaka ule Amin akafika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, na kamera yake ikatembea pole alfajiri katikati ya watu waliolala nje kwenye baridi. Taarifa ilirushwa tarehe 23 Oktoba, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid la kuwachangia wenye njaa. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akatengenezewa mkono wa bandia, akaendelea kupiga. Alifariki 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro.

Sijilinganishi naye, mimi napiga shangazi na mbuzi. Ninachojifunza kwake ni ule mwendo wa pole wa Korem. Picha mnato humpa mtazamaji ruhusa ya kuondoka anapotaka. Anaitupia jicho, anageuza ukurasa. Kamera ya Amin iliwakalisha. Na ili iwakalishe watazamaji, yeye ilibidi akae kwanza.

Kukaa ndiko kulikonisumbua, kwa sababu kunahitaji likizo. Niliamua nipige video ya mbege. Kila Mchagga ana picha za mbege, na zote ni za kunywa: kata mkononi, povu mdomoni, kicheko. Hakuna mwenye picha za kuitengeneza, kwa maana inatengenezwa wakati wageni hawajafika. Ndizi zinaivishwa, zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu za kahawia, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaloweshwa, unaota, unaanikwa, unasagwa. Mti wa msesewa unakwanguliwa gamba lake kwa ajili ya ule uchungu. Mwishoni uji wa ulezi unaungana na maji ya ndizi yaliyochujwa. Ni shughuli ya karibu wiki, na mwenye shughuli hiyo nyumbani kwetu ni mama mkubwa, mjane wa yule baba mkubwa wa mapaja ya ndafu.

Niliomba ruhusa kazini nje ya Desemba, jambo lililomshangaza bosi wangu kuliko ambavyo lingemshangaza kama ningeomba mkopo. Nikafika na begi, nikaamkia. Mama mkubwa akaitikia marahaba, akaniuliza nani amefariki. Nilipomweleza nimekuja kumpiga video akitengeneza pombe, akaenda ndani kubadilisha nguo. Akatoka na kitenge cha Krismasi, akasimama mbele ya mtungi, akakaza uso.

"Usisimame, mama mkubwa. Endelea na kazi yako."

"Ninaendelea vipi na wewe unanitazama?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu lake. Siku ya kwanza yote alikuwa anaigiza: anakoroga kwa madaha, anageukia kamera, anaeleza kwa Kiswahili cha shuleni kana kwamba mimi ni mzungu wa utalii. Siku ya pili alichoka kuigiza. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kweli ya tatu akanipa: kamera ikabaki kwenye stendi yake ya miguu mitatu pembeni ya jiko, nami nikawekwa kwenye kusaga ulezi. Hapo ndipo video ilipoanza kuwa nzuri. Sikuwa tena nyuma ya lenzi nikitazama. Mikono yangu ilikuwa kazini na ya kwake pia, na watu wawili wenye kazi huzungumza bila kujua kwamba wanazungumza. Akarudi kwenye Kirombo. Akaimba vipande. Akanisema kwa kusaga vibaya.

Mara mbili kamera ilizima katikati ya hadithi, na hilo nalo lina sababu ya mbali. Kamera nyingi za picha za miaka ile zilitengenezwa zikatike baada ya dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa forodha ya Ulaya iliitoza ushuru mkubwa zaidi kamera inayoweza kurekodi nusu saa mfululizo. Hiyo iliitwa kamera ya video. Yaani afisa wa ushuru huko Ulaya aliamua hadithi za Mkuu ziwe na urefu gani. Mama mkubwa hana habari naye. Hadithi yake ya wastani inaanza dakika ya ishirini.

Na ni katika moja ya hizo, akiwa anachuja, mikono imejaa, ndipo alipotaja masale. Wasiotoka kwetu niwaeleze: isale ndilo jani letu la amani, la kuombea msamaha, na ndilo pia tunalolipanda mpakani. Alikuwa anazungumzia jambo jingine kabisa, mwaka fulani wa njaa, akasema kwa kupita kwamba yale masale ya chini hayakuwa pale zamani. Yalikuwa kwenye mti wa mringaringa, baba mkwe wake akayasogeza ili jirani apate pa kupitisha ng'ombe. Akaendelea kuchuja.

Nilipotuma kipande cha dakika chache kwenye kundi la ukoo sikukikata hapo, kwa sababu sauti ilikuwa safi na uso wake ulikuwa na mwanga wa mlangoni ambao mpiga picha yeyote angeulilia. Ndani ya saa moja simu ikaanza. Watoto wawili wa baba mdogo, ambao hawajaelewana kuhusu kipande kile cha ardhi tangu baba yao afariki, walikuwa wameitazama video kila mmoja kwa masikio yake. Mmoja akanitaka nimpelekee video nzima, "ile yenye ubora, siyo hii ya WhatsApp". Mwingine akaniomba niifute. Mmoja alishaanza kuuliza kama baraza la ardhi linapokea fleshi.

Miaka yote ya kupiga picha sijawahi kupigiwa simu ya namna hiyo. Picha za Desemba haziwezi kumdhuru mtu, zimekwishatengenezwa zisidhuru. Kila aliyemo alijipanga, alijifuta, alichagua atakavyokumbukwa. Mwanamke anayechuja pombe huku akisimulia hakuchagua. Aliniamini mimi niliyekuwa nasaga ulezi, na kamera ilikuwa inasikiliza kwa kupitia imani hiyo. Nimewaza sana kuhusu ruhusa. Alinipa ruhusa ya pombe. Ya mringaringa hakunipa, na kusema kwamba kamera alikuwa anaiona si jibu, maana mimi mwenyewe nilitumia siku mbili kuhakikisha anaisahau.

Video nzima sijampa mtu, na sijaifuta. Iko kwenye diski mbili, moja Moshi, moja kwa dada yangu, kwa kuwa diski moja si akiba. Nilipanda Mkuu kumweleza mama mkubwa kilichotokea, nikiwa tayari kwa lawama. Nilimwonyesha kile kipande kwenye kompyuta. Alikitazama mpaka mwisho, akauliza kwa nini sikumwambia kwamba kilemba kimelegea, kisha akataka kusikia tena pale pa masale.

"Sasa hao watoto wanagombania kompyuta ya nini," akasema, "na mimi nipo? Wapigie. Waambie mtu mwenyewe hajafa, waje waniulize."

Nikapiga simu, ya kwanza na ya pili, yeye akiwa pembeni ananisahihisha maneno. Watakuja Jumamosi, wote wawili, na mzee mmoja wa ukoo. Amesema atawatembeza kwa miguu kutoka mringaringa hadi chini, na kwamba vichaka vya huko vimefunga njia, kwa hiyo kila mtu aje na panga. Nilimwuliza kama na mimi nije na kamera. Akasema nije na panga kwanza.